Je, Ni Heri Mtu Asiyemhitaji Jirani Yake?



Limeletwa kwangu swali nilijibu katika kurasa hizi. Mfugaji mmoja Mkristo, mtu mwenye bidii na sifa njema, amenena hivi mbele ya wazee wa usharika: zamani aliwahitaji watu kumi ili ng'ombe wake wapate chakula cha kiangazi, bali sasa amepata mashine na hamhitaji mtu hata mmoja. Je, si Mungu amembariki? Wazee wengine waliitikia, wengine walinyamaza. Mimi naona ya kuwa swali hili si jepesi, wala si la wafugaji peke yao. Maana katika siku hizi kila mmoja wetu hupata kitu kipya kinachompunguzia haja ya mtu fulani, naye hufurahi, wala haulizi amepunguziwa nini kingine pamoja na haja ile.

Nataka kulitazama jambo hili mahali lilipojaribiwa kwa muda mrefu kuliko kwetu, yaani katika mashamba ya majani ya Marekani. Huko twaweza kuona lilivyoanza na lilivyoishia.

Nchi zile za kaskazini zina majira ya baridi ya miezi mingi. Theluji hufunika malisho, na mnyama hapati kitu cha kutafuna nje. Basi yampasa mkulima kuvuna majani wakati wa jua, kuyakausha, na kuyaweka ghalani. Majani hayo makavu ndiyo yaitwayo hei, nasi tumelichukua jina lile. Kazi yenyewe hufanywa hivi. Majani hukatwa kwa upanga mrefu wa meno uendao kando ya trekta. Huachwa kulala juani siku mbili au tatu, hupinduliwa kwa reki ya magurudumu, kisha hukusanywa kuwa matuta marefu. Ndipo hupita mashine ya kuyafunga marobota.

Msidhani ya kuwa ni kazi ya mjinga. Majani yakifungwa yangali na unyevu hupata joto kwa ndani, na baada ya wiki mbili au tatu ghala zima laweza kushika moto pasipo mtu kuliwasha. Yakikauka kupita kiasi, sehemu laini yenye chakula hupukutika, yakabaki mabua tu. Mkulima mzoefu hutwaa konzi moja, huisokota kwa mikono miwili na kusikiliza mlio wake, ndipo aseme, Leo, au, Kesho. Tena huitazama mbingu, kwa kuwa majani yaliyokatwa yakinyeshewa hupoteza utamu wake, na wakati mwingine hayafai tena ila kuwa matandiko ya mifugo.

Mashine ya kufungia nastahili kuieleza kidogo, maana ni kitu cha ajabu. Ndani yake mna bamba zito liendalo mbele na nyuma kama mchi uliolazwa, mara 70 au 80 kwa dakika moja, likiyashindilia majani katika njia nyembamba kama sanduku refu. Robota likifikia urefu uliowekwa, sindano mbili kubwa zilizopindika hupanda kutoka chini zikileta kamba. Kidole cha chuma chenye mdomo kama wa ndege huzunguka mara moja, hukamata ncha za kamba, hufunga fundo, na kisu hukata. Fundo hilo la chuma lilibuniwa na John Appleby wa Wisconsin katika miaka ya 1870 kwa kufungia miganda ya ngano. Mashine iokotayo majani yenyewe na kuyafunga yenyewe ilitengenezwa na Edwin Nolt, mkulima Mmennonite wa wilaya ya Lancaster katika Pennsylvania, mwishoni mwa miaka ya 1930, na kampuni ya New Holland ya wilaya ile ile ikaanza kuzitengeneza kwa wingi mwaka 1940.

Mashine za namna ile, zilizotoka viwandani miaka ya 1940, 1950 na 1960, zingali zafanya kazi hata leo katika mashamba madogo. Huvutwa na matrekta ya rika lao, kama Farmall H, lililotengenezwa tangu 1939 hata 1953, au huko Uingereza Ferguson TE20, la tangu 1946 hata 1956. Mwenye subira aweza kuzitengeneza kwa spana, nyundo na kopo la grisi. Gurudumu zito lizungushalo mashine limeshikwa kwa bolti moja iliyofanywa dhaifu kwa makusudi: mashine ikimeza jiwe, bolti hiyo hukatika, na mengine yote hupona. Mhubiri angeweza kuhubiri Jumapili nzima juu ya bolti ile, lakini mimi naendelea.

Sasa yatazameni marobota yenyewe. Kila moja lina uzito kama wa kilo 20 au 25, yaani mzigo wa mtu mmoja, na hiyo ndiyo siri ya jambo lote. Kwa kuwa robota ni la kiasi cha mikono ya mtu, ni lazima ipatikane mikono ya watu. Mashine huliachilia nyuma, lakini hailipandishi garini, wala haiendi kulipanga ghalani. Mmoja huendesha trekta. Mwingine husimama juu ya gari linalotikisika, akiyapokea na kuyapanga kama mwashi apangavyo matofali, la sivyo yote yataanguka penye kona ya kwanza. Ghalani wako wawili au watatu, juu kabisa chini ya bati, penye joto na vumbi liingialo puani na kooni. Shamba lenye marobota 1000 lahitaji watu watano au sita, nao wahitajika leo, kwa sababu mvua haingoji.

Mkulima mmoja angewapata wapi watu sita kwa siku tatu tu za mwaka? Aliwapata kwa jirani, naye akawa mmoja wa sita wa jirani yake. Huko katika majimbo ya kati ya Marekani, tangu mwisho wa karne ya 19 hata miaka ya 1940, watu wa jirani walifanya chama cha kupura ngano. Mashine ilikuwa moja, nayo ilikwenda shamba kwa shamba, na watu wote waliifuata. Katika kazi ya hei vilevile jirani walisaidiana namna hii. Sisi tungesema, ni ujima. Wanaume walitoka jasho, akina mama walipika chakula kingi cha mchana, na kijana wa miaka kumi na miwili alipewa usukani wa trekta akaonekana kuwa mtu. Deni halikulipwa kwa fedha, lililipwa kwa zamu.

Mwaka 1971 Gary Vermeer wa mji wa Pella, jimbo la Iowa, alitoa mashine nyingine. Hiyo huviringisha majani kuwa robota moja kubwa la duara, la kilo 400, 500, hata zaidi. Hakuna mtu awezaye kuliinua, wala haihitajiki, maana hunyanyuliwa kwa chuma kilicho mbele au nyuma ya trekta. Robota moja la namna hiyo ni kama marobota ishirini na zaidi ya yale ya zamani. Mkulima hukaa juu ya kiti chake peke yake, hukata peke yake, hufunga peke yake, na jioni hurudi nyumbani peke yake, kazi imekwisha, mgongo hauumi, wala hana deni kwa mtu yeyote.

Ni haki tuseme mema ya mashine ile. Wale wasifuo siku za kale mara nyingi ni watu ambao hawakusimama ghalani juu chini ya bati. Migongo iliharibika, mapafu yaliugua kwa vumbi la majani yaliyooza, na mashine zile za zamani zimekata mikono ya watu wengi waliotaka kuondoa majani yaliyokwama pasipo kuzima injini. Mjane asiye na watoto wa kiume alitegemea huruma ya wengine, na huruma ile haikufika kila mara kabla ya mvua. Tena kabla ya 1971 vijana walikuwa wamekwisha kuondoka kwenda mijini, na mashamba jirani yalikuwa yakinunuliwa na kuunganishwa. Mtu aliyenunua mashine ya duara hakuwafukuza jirani zake. Mara nyingi alikuwa amekwisha kuwakosa. Basi nisimlaumu mtu aliyepata dawa ya upweke ambao hakuufanya yeye. Walakini dawa nyingine huyatuliza maumivu tu, na kwa kuyatuliza humfanya mgonjwa asimtafute mganga.

Basi twalirudia swali. Ni heri kutomhitaji jirani?

Dr. Martin Luther, katika Katekismo Ndogo ya mwaka 1529, alipoeleza ombi la nne la Baba Yetu, aliuliza maana ya mkate wa kila siku. Kila mtoto wa kipaimara amejifunza jibu lake. Humo mna chakula na mavazi, mna nyumba na shamba, mna mifugo na fedha, mna hali nzuri ya hewa. Halafu karibu na mwisho wake, katika orodha ile ile, mna marafiki wema na majirani waaminifu. Je, tumepata kuangalia jambo hilo? Luther hakuwaweka majirani katika amri ya tano tu, ili tusiwadhuru, wala katika amri ya saba tu, ili tusiwaibie. Amewaweka katika mkate. Jirani ni kitu tukiombacho kwa Mungu pamoja na ng'ombe na mvua, kwa sababu pasipo yeye tuna njaa. Basi mtu aombaye ombi la nne kisha akafurahi ya kuwa hamhitaji jirani, amekuwa kama mtu aliyepewa mkate akashukuru kwa kutokuwa na tumbo.

Mfikirini tena yule tajiri wa Luka sura ya 12. Shamba lake lilizaa sana, naye akafanya shauri la kuvunja ghala zake na kujenga kubwa zaidi. Wengi wetu tumehubiri juu ya choyo chake. Lakini tazameni anasema na nani. Anasema na nafsi yake. Mtu yule ana mavuno ya kulisha mtaa mzima, wala hana hata mtu mmoja wa kufanya shauri naye. Mazao ni yangu, ghala ni zangu, nafsi ni yangu. Siku zile mavuno makubwa kama yale hayakuvunwa pasipo mikono mingi, lakini mikono ile haimo katika mawazo yake hata kidogo.

Na Bwana wetu Yesu alifanyaje? Alikuja kama mwenye kuhitaji. Kwa mwanamke Msamaria hakuanza na mahubiri, alianza kwa kuomba maji. Alipanda chombo cha mtu mwingine ili afundishe, alipanda mwana-punda wa mtu mwingine ili aingie mjini, alikula Pasaka katika chumba cha mtu mwingine, akazikwa katika kaburi la mtu mwingine. Yeye aliyeweza vyote alikubali kupokea. Maana mtu awezaye kutoa tu, asipokee kamwe, husimama daima juu ya wenzake. Huwa mfadhili wao, huwa bwana wao, lakini ni vigumu kuwa ndugu yao. Haja yangu ndiyo mlango ambao kwa huo jirani aliye maskini kuliko mimi aweza kuingia kwangu kichwa chake kikiwa juu. Nikiuziba mlango huo, sitaonewa na mtu, ni kweli, bali yeye atabaki nje.

Lakini hapo ndugu mwenye akili ataniambia: Mchungaji, wewe wasifu haja kana kwamba haja ni upendo. Wako watu wengi waliohitajiwa sana wala hawakupendwa hata kidogo. Neno hilo ni kweli, na ushahidi wake umefungwa katika robota lenyewe. Nataka tukae hapo kidogo, maana jambo hili latuhusu sisi.

Kamba iliyofunga marobota yale ilikuwa ya katani. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche 1000 ya mkonge kutoka Florida. Njiani mingi ilikufa, ikafika 62 tu ikiwa hai katika pwani yetu, na kutokana na hiyo yametoka mashamba makubwa ya Tanga, Korogwe, Morogoro na mahali pengine. Kwa hesabu yangu, robota moja la kawaida hutumia kamba mbili, jumla yake kama meta tano. Basi mkulima wa marobota 1000 alitumia kama kilometa tano za kamba katika siku tatu. Na sehemu kubwa ya katani ya dunia ilitoka Tanganyika. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 200,000.

Nani aliyeikata? Walikuwa watu walioletwa kutoka mbali, Waha kutoka Kigoma, Wabena kutoka Njombe, watu wa Songea, Wamakonde kutoka ng'ambo ya Ruvuma, na wengine kutoka Rwanda na Burundi. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi ya kuwaandikisha, nayo iliitwa Silabu. Walivikwa namba, na kwa hiyo watu wakawaita manamba. Kila mmoja alipewa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi, na siku isiyotimizwa haikuhesabiwa. Walikata majani yenye miiba ncha zake, waliyafunga mizigo kwa hesabu, na mizigo ilipelekwa kwenye mashine ya kuyakwangua, ambayo watu wa mashambani huiita korona. Miongoni mwetu tusomao gazeti hili wako wajukuu wao.

Mkulima wa Marekani alimhitaji Mha yule. Pasipo mkono wake, fundo la ajabu la Appleby lisingekuwa na kitu cha kufunga. Walakini hakujua jina lake, wala hakujua kwamba yuko. Wala hakuwa mtu mbaya. Pengine alikuwa Mlutheri, aliyekwenda kanisani Jumapili na kutoa sadaka yake kwa ajili ya misheni katika Afrika. Lakini kati yao palikuwa na wakala, na kampuni, na meli, na bei. Kisha katika miaka ya 1960 ilitokea kamba ya plastiki, nayo ilikuwa rahisi zaidi. Haja ile iliyodumu miaka mingi ilianza kukatika, wala hakuna aliyekuja kuaga. Mashamba yakapungua, korona nyingi zikanyamaza, majengo ya manamba yakabaki yanaota majani. Zilikuwako sababu nyingine pia, wala sizitaji zote, lakini bei ya kamba ilikuwa mojawapo ya zile kubwa.

Basi tumejifunza ya kuwa haja peke yake si ujirani. Twaweza kumhitaji mtu kama tunavyohitaji spana. Kulikuwa na nini katika kazi ya ghalani kisichokuwako katika kamba? Naona mambo mawili. Kwanza palikuwa na zamu: leo mimi kwako, kesho wewe kwangu. Yule wa mkonge hakuwa na zamu. Hakuna aliyekuja kumvunia mahindi yake kule Kigoma. Pili palikuwa na meza. Waliofanya kazi pamoja walikula pamoja, na penye meza ilijulikana ya kuwa fulani hakuja leo kwa sababu mkewe ni mgonjwa. Namba haiugui. Namba hukosekana tu katika hesabu ya jioni, ikaandikwa nyingine.

Tofauti hiyo yatusaidia kulijibu swali bila kuilaumu mashine wala kuisujudia. Paulo aliwaandikia Wagalatia, katika sura ya 6, maneno mawili yaonekanayo kupingana: wachukuliane mizigo, tena kila mmoja atachukua furushi lake mwenyewe. Mashine ikinisaidia kuchukua furushi langu nisimwelemee mwingine, na tumshukuru Mungu. Ikiniondoa mahali ambapo mzigo wa mwingine ungenifikia, hapo nimepungukiwa, hata ikiwa sisikii maumivu. Na hasara isiyouma ni mbaya kwa sababu mtu hana habari ya kutafuta uponyaji.

Wako Wakristo mmoja mmoja waliojaribu kulitazama jambo hili mapema, kabla ya kununua. Nawataja Waamish wa Lancaster, wilaya ile ile ya Edwin Nolt. Sisi hatupatani nao katika ubatizo wa watoto, wala katika mambo mengine kadha wa kadha, na yatupasa kukumbuka kwa unyenyekevu ya kuwa mababa wa Kilutheri waliwaunga mkono watawala waliowatesa mababa zao Waanabaptisti. Mwaka 2010, katika mkutano wa Stuttgart, Shirikisho la Kilutheri la Ulimwengu liliomba msamaha kwa Wamennonite, jamaa zao wa karibu, kwa ajili ya mambo hayo. Basi tuwasikilize angalau katika habari ya hei.

Usharika wao ni mdogo, jamaa 25 hata 40. Mara mbili kwa mwaka, kabla ya Meza ya Bwana, hukutana kuona kama wanapatana katika kanuni za maisha yao. Kitu kipya kikija, wao hawaulizi tu kama ni kizuri au ni cha bei nafuu. Huuliza kitawafanyia nini wao kwa wao. Mashine ya kufunga marobota madogo wengi wa Lancaster waliikubali, lakini kwa namna ya kuchekesha kidogo machoni pa wageni: imewekewa injini yake juu yake, ina magurudumu ya chuma, nayo huvutwa na nyumbu wanne au zaidi. Sharika zao nyingine zimeikataa hata hiyo. Trekta la shambani hawakulikubali. Basi ukipita kule wakati wa kiangazi utasikia injini ikiunguruma, na nyuma yake utaona gari, na juu ya gari wanaume na wavulana wakipokea marobota kwa mikono. Wameruhusu chuma kifunge fundo, wamekizuia kisiwaondoe watu.

Sisemi ya kuwa na sisi tufanye sheria kama zile. Luther, katika kitabu chake juu ya uhuru wa Mkristo cha mwaka 1520, alifundisha ya kuwa Mkristo ni huru juu ya vitu vyote, tena ni mtumishi wa watu wote. Kanuni ya trekta haimwokoi mtu, nayo yaweza kuwa kongwa, na kongwa la namna hiyo huwaelemea vijana zaidi kuliko wazee walioitunga. Lakini swali lao ni jema, nasi twaweza kulichukua bila kongwa. Mfugaji wetu na ainunue mashine yake. Kisha na ahesabu saa alizookoa, na atazame zimekwenda wapi. Tena na abakize angalau kazi moja ambayo hawezi kuifanya pasipo wenzake, wala asione haya kwenda kuwaomba. Mashine na aiazime kwa jirani, na yeye mwenyewe na aazime kitu kwao, hata ikiwa ni jembe tu. Maana mtu aazimaye kwa watu wote asiazime kwa mtu yeyote, amekuwa benki.

Katika vijiji vyetu wako wengi wasio na mashine yoyote, ambao hutengeneza hei kwa sanduku la mbao lisilo na kitako wala kifuniko. Kamba hutandikwa chini, majani hutiwa na kukanyagwa kwa miguu, kamba hufungwa, sanduku huinuliwa, na robota hubaki chini. Mara nyingi sanduku ni moja kwa kikundi kizima cha wafugaji, na wengi wao ni akina mama, ambao wangebeba majani yale kichwani kutoka mbali. Wamekwisha kuwa na haja, na meza pia wanayo, maana uji hunywewa pamoja. Kitu kigumu ni zamu. Majani ya kumi yamekatwa siku moja, sanduku ni moja, na mawingu yameanza kukusanyika juu ya mlima. Ya nani yafungwe kwanza? Ya mwenyekiti? Ya mwenye ng'ombe wengi? Ya yule aliyetoa mbao za sanduku? Au ya mjane mwenye ng'ombe mmoja, ambaye akikosa hei hana fedha ya kununua? Nimesikia vikundi vingine hupiga kura, vingine hufuata umri, na kimoja huanza kila mara kwa yule aliyekuwa wa mwisho mwaka uliopita. Hii ya mwisho yanipendeza, ingawa haimjibu mjane aliyeingia mwaka huu. Sharika zilizo na desturi nyingine na zituandikie, nasi tutazipiga chapa hapa, kabla majani ya masika hayajakomaa.